Daftari la Kijiji na Mashine ya Halmashauri

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, Bariadi)



Kamati yenu iliniandikia barua ikinitaka niseme, kwa muda usiozidi nusu saa, juu ya namna Serikali za Mitaa vijijini zinavyoipokea teknolojia ya kidijitali. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, nimekuwa mtumishi wa Serikali za Mitaa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Pili, kila tunapokutana sokoni au msibani wengi wenu hamwachi kuniuliza swali lile lile: "Hivi hiyo mifumo yenu inatusaidia nini sisi?" Basi leo nimekuja na jibu, na naomba mnivumilie likiwa refu kidogo.

Sitasema kama fundi wa kompyuta, maana si kazi niliyosomea. Chuo Kikuu nilisomea uchumi, na kazi yangu ni mipango. Nitasema kama mtu aliyekaa katikati: upande huu viko vijiji, upande ule iko Dodoma, na hesabu zinazotoka huku kwenda kule hupita mezani kwangu.

Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili mnipime nayo. Mashine hizi zimetusaidia sana kupeleka hesabu juu, toka kijijini mpaka halmashauri, na toka halmashauri mpaka Serikali Kuu. Hazijatusaidia vya kutosha kuirudisha hesabu hiyo kwa mwanakijiji ambaye fedha ni zake. Tusipolirekebisha jambo hili, tutakuwa na ofisi za Serikali zilizojengwa vijijini, lakini hatutakuwa na Serikali za vijiji.

Tulikotoka

Ndugu Mwenyekiti, mtakumbuka kwamba mwaka 1972 Halmashauri za Wilaya zilivunjwa na mpango wa Madaraka Mikoani ukaanza. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Zile za wilaya zilirudi mwaka 1984, baada ya Bunge kupitisha sheria za mwaka 1982. Wengi wetu tuliomo humu ndani tulizaliwa katika miaka hiyo hiyo.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayoongoza vijiji vyetu hadi leo. Sheria hiyo inasema kwamba chombo cha juu kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Chini yake iko halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Mkutano mkuu hukutana kila miezi mitatu, na kazi yake mojawapo iliyo kubwa ni kusomewa mapato na matumizi. Kwa hiyo kusoma hesabu mbele ya wananchi si hisani ya Mwenyekiti wala ya Mtendaji. Ni wajibu.

Mkoa wetu wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikitoka upande wa Mwanza. Una wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na halmashauri sita, kwa kuwa Bariadi ina ya mji na ya wilaya. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 2,140,497. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu. Hakuna halmashauri inayoweza kuongeza makarani na makabati ya mafaili kwa kasi hiyo. Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba tungeweza kuendelea na kaboni na taipureta peke yake hajakaa katika ofisi zetu.

Wala tusiyapambe mambo ya zamani. Vitabu vya stakabadhi vilikuwa na maradhi yake. Mkusanyaji mwovu aliweza kumwandikia mlipaji shilingi elfu ishirini kwenye nakala halisi, na kwenye nakala ya ofisi akaandika elfu mbili. Vitabu vilipotea. Vingine vilichapwa uchochoroni. Mkaguzi alipofika baada ya mwaka mmoja, mkusanyaji alikuwa amekwisha hama na kitabu kimeliwa na mchwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuliona kwamba hata penye daftari mali hupotea, kama daftari lenyewe linasomwa na mtu mmoja tu.

Mashine zilizokuja

Sasa niseme kwa kifupi kilichobadilika, maana si wote humu mmeingia katika ofisi hizi.

Katika mapato, mkusanyaji wa ushuru hubeba mashine ndogo ya mkononi, POS. Anapoingiza kiasi, mashine hutoa stakabadhi yenye tarehe na saa, na habari zake huingia katika mfumo wa mapato wa halmashauri, ambao siku hizi unaitwa TAUSI. Mhasibu aliye makao makuu aweza kuona nani amekusanya nini. Malipo mengine hupewa namba ya malipo, na mlipaji hulipa benki au kwa simu kupitia mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza kazi mwaka 2017. Fedha haipiti tena mkononi mwa karani.

Katika mipango, bajeti za halmashauri huandaliwa katika PlanRep, ambayo tangu mwaka 2017 hufanya kazi kwa njia ya mtandao. Mwaka huo huo ulikuja mfumo wa FFARS kwa ajili ya hesabu za shule, zahanati na vituo vya afya. Malipo ya halmashauri hupita katika MUSE, na ununuzi, tangu mwaka 2023, hupita katika NeST.

Mabadiliko haya yaliambatana na jambo jingine kubwa zaidi ya mashine zenyewe. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, fedha za uendeshaji wa shule hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya shule. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya nazo hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya. Kabla ya hapo fedha hizo ziliishia wilayani, na mganga wa zahanati alisubiri kuletewa vitu. Leo mganga mfawidhi wa zahanati iliyo kilomita nyingi kutoka lami anaendesha akaunti, anapanga bajeti na kamati yake, na kuandika matumizi katika mfumo. Bila kompyuta jambo hilo lingekuwa gumu mno. Huo ni ugatuzi wa kweli wa madaraka, nami nausifu.

Yapo na mengine. Mtumishi wa Meatu aliyetaka kushughulikia uhamisho wake alikuwa akifunga safari ya siku mbili na karatasi mkononi. Leo huomba kwa njia ya mtandao. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi, na baada ya sensa vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Mwaka huo huo tulipita vijiji na mitaa tukiandika anwani za makazi.

Basi, ndugu zangu, sikuja hapa kuisema vibaya kompyuta.

Funzo la mizani

Lakini sisi ni watu wa pamba, na watu wa pamba wana funzo lao juu ya mitambo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wazee wetu wa Jimbo la Ziwa walikuwa wakiuza pamba kwa wanunuzi binafsi waliokuwa na mizani zao. Mizani ilikuwa chombo cha kisasa kuliko mkono na macho. Lakini mwenye kuisoma alikuwa mnunuzi, na mkulima aliambiwa tu uzito. Wakulima hawakudai mizani iondolewe. Walichofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe katika vituo vya kununulia, ili mzigo upimwe mbele ya mtu wanayemwamini. Katika harakati hizo ndimo alimotokea Ndugu Paul Bomani. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, vyama vya msingi vikaenea, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Chama hicho kikaja kuwa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika, na Ndugu Bomani akaja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru.

Haya yote yalianzia katika swali moja dogo: nani anasoma mizani?

Swali hilo limerudi katika siku zetu. Katika miaka ya karibuni mizani ya kidijitali imekuwa ikichukua nafasi ya mizani ya rula katika vituo vya kununulia pamba. Mizani hiyo ni sahihi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini namba huonekana kwenye kioo kidogo. Kioo kikielekezwa kwa karani, mkulima aliyesimama nyuma ya mzigo wake yuko pale pale walipokuwa wazee wake kabla ya 1952. Kikigeuzwa upande wake, mtambo ule ule unakuwa mlinzi wake. Gharama ya kugeuza kioo ni ndogo mno, lakini lazima awepo mtu wa kudai kigeuzwe.

Mifumo yetu ya halmashauri nayo ina kioo. Kwa sasa kioo hicho kimeelekezwa juu.

Hesabu zinakwenda juu

Nitatoa mfano, nami sitaitaja halmashauri. Katika kijiji kimoja mkutano mkuu ulifanyika, na ajenda ya mapato na matumizi ikafika. Mzee mmoja akauliza ushuru uliokusanywa kwenye gulio lao kwa miezi mitatu ni kiasi gani, na kiasi gani kimerudi kijijini. Zamani Mtendaji angefungua kitabu, kiwe cha kweli au cha uongo, akasoma namba, na watu wakabishana naye. Safari hii Mtendaji alijibu, "Ipo kwenye mfumo." Mzee akauliza mfumo uko wapi. Akaambiwa uko wilayani. Basi ajenda ikafungwa, na mkutano ukaenda kwenye mengineyo.

Mtendaji yule hakusema uongo. Taarifa ilikuwa kwenye mfumo kweli, tena sahihi kuliko kitabu chochote. Lakini yeye hakuwa na ruhusa ya kuifungua, wala hakuna aliyemchapia. Stakabadhi za mashine zilikuwa zimechukuliwa na walipaji mmoja mmoja, na nakala ya kijiji haikuwapo tena.

Ofisini tuna misemo mitatu ambayo bila shaka nanyi mmewahi kuambiwa dirishani. Wa kwanza ni "Mtandao uko chini." Wa pili ni "Mfumo haukubali." Wa tatu ndio huo, "Ipo kwenye mfumo." Miwili ya kwanza ni kero, na mwananchi hurudi kesho. Huo wa tatu una madhara makubwa zaidi, kwa sababu hauonekani kuwa kero. Unamfanya mwananchi aone kwamba kuuliza hesabu za kijiji chake ni kuingilia mambo ya wataalamu. Akijibiwa hivyo mara tatu, mara ya nne haji mkutanoni. Kijiji ambacho watu wake hawaji mkutanoni kinaweza kuuziwa ardhi yake kwa muhtasari wenye sahihi za watu ambao hawakuwapo.

Mambo yanayochangia hali hii ni ya kawaida tu, na yanatibika.

La kwanza ni lugha. Mifumo yetu mingi ya hesabu na bajeti ina vichwa vya Kiingereza na namba za kasma. Mkutano wa kijiji huendeshwa kwa Kiswahili, na wazee wakikasirika huendeshwa kwa Kisukuma. Wananchi hukaa chini ya mwembe na kupanga kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo: kisima, nyumba ya mganga, choo cha shule. Mpango wao ukifika wilayani hukatwa kulingana na ukomo wa bajeti, kisha hugeuzwa kuwa kasma. Hata kama choo kimo, aliyekipendekeza hawezi kukitambua.

La pili ni vitendea kazi. Umeme wa REA umefika katika vijiji vyetu vingi, lakini kufika kijijini ni jambo moja, na kufika katika ofisi ya kijiji ni jambo jingine. Watendaji wengi hufanya kazi ya Serikali kwa simu yao wenyewe na bando walilonunua kwa mshahara wao. Akihamishwa, anaondoka na simu, na kumbukumbu zote za kijiji zilizomo humo zinaondoka naye.

La tatu ni kwamba mashine hukamata wizi wa zamani na kuacha mlango kwa wizi mpya. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikieleza, mwaka hata mwaka, kwamba katika halmashauri mbalimbali nchini ziko fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS zisizopelekwa benki. Mashine inajua kwamba fedha imepokelewa. Haiwezi kumshika mkono mtu aliyeipokea. Kazi hiyo bado inahitaji watu wanaoona namba na kuuliza maswali, na watu walio karibu zaidi na mkusanyaji ni wanakijiji wenzake.

Mfano wa jirani

Wako wasemao kwamba mwanakijiji hana haja ya namba, anataka huduma tu. Kwa hao nina mfano kutoka kwa jirani zetu wa Uganda.

Katika miaka ya kwanza ya 1990 Serikali ya Uganda ilikuwa ikitenga ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, fedha zisizo za mishahara. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani, ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Nyingine iliishia wilayani. Hapo Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, sehemu iliyofika shuleni ilikuwa imepita asilimia 80. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na matangazo, maana mageuzi mengine yalikuwa yakifanyika wakati ule ule. Lakini hakuna aliyesema kwamba karatasi ukutani ilidhuru. Na katika kazi hiyo hapakuwa na kompyuta kijijini. Palikuwa na gazeti, gundi, na mzazi anayejua kusoma.

Hapa kwetu tunao mfano wa mpango uliojengwa vizuri tangu mwanzo. Zamani mzazi wa kijijini alilazimika kwenda makao makuu ya wilaya kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na wengi hawakwenda. Mwaka 2013 RITA walianza mkoani Mbeya mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano katika zahanati, vituo vya afya na ofisi za kata, na baadaye mpango huo ukafika kwetu Simiyu. Mtumishi huandika cheti kwa mkono na kumkabidhi mama papo hapo, bila malipo. Kisha hutuma habari za mtoto makao makuu kwa simu. Angalieni utaratibu huo. Mama anaondoka na haki yake mkononi, hata kama mtandao uko chini siku hiyo. Mashine inafanya kazi yake baadaye, bila kumsimamisha mama dirishani. Waliobuni mpango huu walimfikiria kwanza mwenye haki, kisha mwenye takwimu.

Yafaa tufanye nini

Ndugu Mwenyekiti, sipendi kulalamika bila kupendekeza. Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, kila robo mwaka halmashauri ikipe kila kijiji ukurasa mmoja wa Kiswahili uliochapwa kutoka kwenye mifumo yetu. Uwe na mambo manne tu: kilichokusanywa kijijini, kilichorudi kijijini, kilichoingia katika akaunti za shule na zahanati yao, na vilivyonunuliwa. Ukurasa huo usomwe katika mkutano mkuu, ubandikwe ubaoni, na nakala ihifadhiwe ofisini. Namba zote hizi tunazo tayari. Kazi ya mhasibu na mtu wa mipango kuziweka katika ukurasa mmoja si kubwa kuliko taarifa nyingine tunazoandika kila mwezi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 nayo inatuelekeza huko huko.

Ushuru wa pamba uwekwe juu kabisa katika ukurasa huo. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, na hulipwa na mnunuzi. Mwanakijiji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kwa mfano, kama chama chao cha msingi kimeuza kilo 100,000 kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, mauzo ni shilingi milioni 100 na ushuru ni shilingi milioni 3. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hiyo. Kinachotakiwa ni kupewa namba ya kuanzia.

Pili, simu au kishikwambi cha kazi kiwe mali ya ofisi ya kijiji, kiandikwe katika orodha ya mali, na kikabidhiwe kama muhuri unavyokabidhiwe Mtendaji anapohama. Bando liwemo katika bajeti. Hatumtaki karani anunue karatasi za Serikali kwa mshahara wake. Kwa nini basi Mtendaji anunue mtandao?

Tatu, uwepo utaratibu ulioandikwa wa siku ambayo mtandao haupo. Mwananchi ahudumiwe kwa karatasi yenye namba, na mtumishi aingize habari hizo katika mfumo mtandao utakaporudi. Mzee aliyetembea saa tatu asirudishwe nyumbani kwa sababu mnara umezimika.

Nne, daftari la kijiji lisitupwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na rejesta ya ardhi, na mihtasari ya mikutano ni ushahidi mahakamani. Vitu hivyo vihifadhiwe kwenye karatasi na kwenye kompyuta, vyote viwili. Kompyuta inalinda dhidi ya mchwa na moto. Karatasi yenye sahihi za wajumbe inalinda dhidi ya mtu aliye mbali kubadilisha neno bila kijiji kujua.

Hapa niongeze tahadhari moja. Ninaposema hesabu zisomwe hadharani, nasema hesabu za fedha za umma. Ugonjwa wa mtu, namba yake ya kitambulisho na mambo ya nyumbani kwake si ya kusomwa mkutanoni wala kutumwa katika makundi ya WhatsApp ya kijiji. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo inatubana watumishi wa ngazi zote. Watendaji wetu wafundishwe tofauti hiyo mapema.

Sehemu yetu sisi

Mwisho, ndugu zangu, niseme kinachotuhusu sisi tuliosoma hapa. Tulisomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba. Wengi wetu sasa tunakaa Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, na tunarudi kwa misiba na sikukuu. Naomba kila mmoja wetu, anaporudi, aulize lini mkutano mkuu wa kijiji chao unafanyika, na walau mara moja kwa mwaka apange safari yake iangukie siku hiyo. Asiende kutoa hotuba. Aende akae nyuma, na ajenda ya mapato na matumizi ikifika, aombe kwa adabu ukurasa usomwe. Akiambiwa ipo kwenye mfumo, aseme, "Vizuri, basi tuleteeni." Msomi akisema hivyo, mzee aliyekuwa ameogopa kuuliza atauliza la pili.

Wale mliosomea kompyuta, na najua mko zaidi ya wanne humu, jitoleeni siku moja ya likizo kuwafundisha Watendaji wa kata mnakotoka. Walimu wa hisabati na uraia wa shule hii wangeweza kuuchukua ukurasa wa kijiji jirani na kuufanya somo. Kijana wa kidato cha tatu akijua kuusoma, amejua kazi ambayo ataihitaji maisha yake yote, awe mkulima, mfanyabiashara au Mkurugenzi wa Halmashauri.

Mifumo itabadilika. Majina niliyoyataja leo huenda baada ya miaka kumi yakawa mageni, kama mengi yake yalivyokuwa mageni kwetu mwaka 2010. Haki ya mwanakijiji kusomewa hesabu zake ilikuwapo kabla ya mifumo hii, nasi watumishi tuna wajibu wa kuitimiza kwa chombo chochote kitakachokuwapo.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Niko tayari kujibu maswali, hata ya wale wanaoidai halmashauri.